Mwembe wa uani umepasuka panda? Subiri kwanza kabla hujaita mtu wa chenso

Kila masika ikikaribia maswali ni yale yale. Mwembe umepasuka katikati, mparachichi umevunjika tawi, mkungu wa getini umeanza kuinama, je tukate au tuache? Na majibu nayo yako mawili tu, kuna wa "kata huo utakuja kuua mtu" na kuna wa "uacheni huo aliupanda babu". Kati ya hayo mawili kuna kazi nyingi sana ya kufanya, na sehemu kubwa haihitaji hela ya ajabu, inahitaji msumeno mkali, futi kamba, nyundo na mtu mwenye subira. Hapa nazungumzia miti ya nyumbani, hii tunayokaa chini yake jioni, mwembe, mparachichi, mkungu, mwarobaini, mjohoro. Mfano mkubwa utakuwa mwembe maana ndo umejaa kwenye nyua zetu za pwani, na ukizeeka unakuwa na matawi mazito kweli kweli.

Elewa hili moja kwanza maana kila hatua huko chini inatokana nalo. Mti dhaifu hauvunjwi na upepo peke yake, unavunjwa na uzito uliokaa mbali. Beba ndoo ya maji umeikumbatia kifuani, haina shida, sasa nyoosha mkono mbele na ndoo ile ile uone utahimili kwa muda gani. Tawi refu lenye majani na maembe yote nchani ndo mkono ulionyooshwa huo. Kwahiyo kupunguza mzigo ndo kazi ya kwanza, mambo ya chuma na nguzo yanafuata baadae, ila watu wengi wanaanza na chuma kwa sababu chuma kinaonekana.

Leo leo, kabla hujagusa kitu

Angalia nyaya. Tawi likiwa limelalia waya wa umeme au limesogea karibu yake, hiyo sio kazi yako wala ya kijana wa mtaani mwenye panga, piga simu shirika la umeme waje wazime wenyewe. Mti mbichi umejaa maji na unapitisha umeme, ngazi ya chuma ndo usiseme.

Alafu hamisha vitu. Gari, benchi, banda la kuku, jiko la kuni, na watoto wahame na bembea yao. Tawi lililokatika likabaki limening'inia juu ya matawi mengine halina ratiba, linaweza kukaa mwezi mzima alafu likashuka siku ambayo hata upepo hakuna. Usilivute na kamba ukiwa umesimama chini yake, na tafadhali usifunge kamba kwenye gari eti uvute, huwezi kujua litaanguka upande gani.

Kingine ni matawi yaliyobanwa. Mti ukiangukia mti mwingine unakuta matawi mengine yamekunjwa kwa nguvu na yanasubiri tu kuachiwa, ukiyakata upande usiofaa yanafyatuka na kukupiga usoni au kifuani. Hayo waachie wenye uzoefu, na hata wao wasikatie juu ya ngazi na chenso mkononi.

Hatua ya 1: kagua, na andika

Chukua daftari au simu piga picha. Anza chini uende juu, watu wengi wanaangalia ufa tu wanasahau mizizi.

Chini: zunguka shina. Udongo upande mmoja umeinuka au kuna ufa kwenye ardhi? Mti ulikuwa wima mwezi uliopita sasa umeinama? Hiyo ni hatari ya leo, ruka moja kwa moja mpaka kwenye sehemu ya kukata. Ila kama mti umeinama miaka na miaka na ncha zake zimejipinda kurudi juu kutafuta jua, huo umeshazoea, kuinama tu sio ugonjwa. Angalia pia uyoga. Uyoga mgumu kama ule wa ubao ulioota kwenye shina karibu na ardhi au juu ya mizizi unakwambia mbao ya ndani inaoza, na kuukwangua uyoga hakusaidii chochote maana wenyewe uko ndani.

Shina: gonga na nyundo, sio kwa nguvu, kuzunguka mzunguko mzima kila baada ya kiganja kimoja, alafu panda juu kidogo ugonge tena. Mbao nzima inalia kavu na fupi. Penye uwazi sauti inabadilika, inakuwa nzito na ya ngoma. Weka alama ya chaki pale sauti inapobadilika, ukimaliza utaona ramani ya uwazi wenyewe ulivyokaa.

Panda, yaani pale shina linapogawanyika: hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Shina likigawanyika mara mbili kwa unene unaolingana, angalia maungio yake. Yakiwa mapana ya duara, na juu yake kuna mstari wa gome ulioinuka kwenda juu, hayo yameshikana mbao kwa mbao. Yakiwa membamba, mashina mawili yamepanda karibu karibu na gome limeingia ndani katikati yao, hapo hakuna mbao inayoshika, kuna gome limebanwa na gome, na kila mwaka mashina yakinenepa yanasukumana. Panda ya namna hiyo ndo inayopasuka. Ukiona kwenye pande zake gome limevimba na kutokeza, mti wenyewe umeshagundua udhaifu unajaribu kujijenga pale.

Kama ufa upo tayari, usiukisie kwa macho. Gonga vimisumari viwili vidogo, kimoja kila upande wa ufa, pima umbali wa kati yao kwa rula ya milimita uandike na tarehe. Siku ya upepo simama kwa mbali uangalie, unafunguka na kufunga? Ukifunguka hata kidogo tu unapoyumba basi panda imeshaachia, inashikiliwa na nyuzi za chini tu. Baada ya wiki mbili pima tena. Umbali ukiwa ule ule na pembeni ya ufa pameanza kuota gome jipya, una nafasi nzuri.

Namba mbili za kukusaidia. Pima mzunguko wa shina kifuani kwa futi kamba, gawa kwa 3.14 upate upana. Tuseme mwembe wako una mzunguko wa sm 220, upana wake ni sm 70, nusu yake sm 35. Kuna Mjerumani anaitwa Claus Mattheck, yeye alipima miti mingi yenye uwazi ndani iliyosimama na iliyovunjika, akapata kwamba ukuta wa mbao nzima ukibaki angalau asilimia 30 ya nusu upana mti kwa kawaida unasimama, ukishuka chini ya hapo uwezekano wa kuvunjika unapanda. Kwa mwembe wetu hiyo ni kama sm 10 na nusu. Ingiza kijiti au waya kwenye shimo upime ukuta umebaki kiasi gani, pima sehemu tofauti tofauti maana hauwi sawa pande zote. Hio sheria ni ya kuongozea tu, kama uwazi una mdomo mpana upande mmoja basi nguvu inapungua zaidi ya hapo. Lakini imenifanya nisishtuke kila nikiona mti una shimo, mibuyu mingi tu ina uwazi ndani na ipo toka enzi za mababu.

Hatua ya 2: amua, na uamuzi sio wa mti peke yake

Jiulize ukianguka utaangukia nini. Mwembe dhaifu katikati ya shamba unaweza kuuacha uzeeke wenyewe, mwembe ule ule juu ya chumba cha watoto ni habari nyingine kabisa. Na kabla ya kukata mti angalia kama inawezekana kuhamisha kilichopo chini yake. Kibanda cha mabati kinahamishika ndani ya siku moja, kivuli cha mwembe wa miaka arobaini hakinunuliki.

Kata bila kusita kama: umeinama ghafla na udongo umeinuka, au uyoga uko chini na ukigonga unalia uwazi karibu pande zote, au ufa umeshuka kutoka kwenye panda mpaka karibu na ardhi na chini yake kuna nyumba. Mengine yote yanaweza kusubiri ujaribu.

Hatua ya 3: punguza mzigo

Hapa ndo penye faida kubwa na ndo pia panapoharibiwa zaidi.

Kinachofanyika mitaani: fundi anapanda na chenso, anakata kichwa chote mti unabaki magogo yaliyosimama, watu wanasema sasa umekuwa salama. Kwa msimu mmoja ni kweli. Alafu mti unapaniki, unatoa machipukizi mengi pale pale palipokatwa, yanakimbia juu kwa kasi, na yameshikilia kwenye gome la nje tu sio kwenye mbao ya ndani, wakati huohuo ile sehemu kubwa iliyokatwa inaoza kuelekea chini. Baada ya miaka michache una matawi mazito mapya yaliyobandikwa juu ya kisiki kinachooza. Umelipa hela kutengeneza hatari kubwa kuliko ile ya mwanzo. Na fundi wengine malipo yao ni kuni, sasa wewe fikiria mwenyewe mtu anayelipwa kuni atakata kidogo au nyingi. Muulize kabla hajapanda: "Fundi, unaanzia wapi?" Akijibu anaanza na shina la juu mshukuru, mpe maji ya kunywa, tafuta mwingine.

Njia yenyewe ni kufupisha matawi marefu kutokea nchani. Tafuta tawi linalotoka nje kuliko mengine, lifuate kutoka nchani kurudi ndani mpaka ukute tawi dogo la pembeni linaloelekea unakotaka, alafu kata pale juu ya hilo dogo, liwe ndo ncha mpya. Hilo dogo liwe na unene wa angalau theluthi ya lile unalolikata, likiwa jembamba kuliko hapo halitaweza kulilisha tawi na litakauka. Ukifupisha tawi la mita nane kwa mita moja na nusu inaonekana kama hujafanya kitu, jirani atacheka, lakini umetoa uzito wa mbali kabisa ndo uliokuwa unapasua panda.

Kwenye panda yenye ufa fupisha pande zote mbili, ila ule upande ulioinama nje zaidi au mdogo kati ya ile miwili uupunguze zaidi. Wazo ni mmoja uwe bwana na mwingine uwe tawi lake, pole pole, kwa misimu miwili mitatu.

Kiasi: usizidishe robo ya majani yote kwa mwaka, na mti mzee au uliokwisha kuumia chukua chini ya hapo. Majani ndo jiko la mti, ukiyatoa yote mti utajenga na nini?

Usisafishe ndani. Hii tabia ya kukata vitawi vyote vya ndani ili "hewa ipite" na kuacha majani nchani tu inafanya kinyume cha tunachotaka, uzito wote unahamia mbali na tawi linayumba zaidi. Viache vya ndani, ndo utakavyokuja kukatia mwakani.

Kwa mparachichi kuna mzigo mwingine, matunda. Wakulima wa Njombe na Rungwe wanaujua vizuri huu, mti wa Hass, hiyo ni aina ya parachichi, ukibeba sana matawi yanakatika na mzigo juu maana mbao yake ni ya kuvunjika vunjika. Toa baadhi ya matunda yakiwa bado madogo kwenye tawi lenye ufa au lililojipinda sana. Inauma, lakini unapoteza debe moja badala ya tawi zima.

Wakati wa kufanya: mwembe wa pwani ukimaliza kuvuna, Februari hivi, kabla mvua kubwa hazijaanza. Tawi lililokufa au linaloning'inia halisubiri msimu. Na vaa mikono mirefu na miwani, utomvu wa mwembe unaunguza ngozi na ukiingia jichoni utalala hospitali.

Hatua ya 4: namna ya kukata tawi nene

Sio kwa panga. Panga linachana na kuacha vidonda vya kuparuza, tumia msumeno.

Tawi likiwa nene kama paja ukilikata kutoka juu mara moja litavunjika kabla hujamaliza na kuchuna gome la shina mpaka chini. Kwahiyo kata mara tatu. Kwanza chini ya tawi, kama sm 30 kutoka kwenye shina, ingia robo mpaka theluthi ya unene uishie hapo, msumeno ukianza kubanwa toa. Pili juu ya tawi, sogea sm chache mbele kuelekea nchani, kata kushuka mpaka tawi lianguke lenyewe. Umebakiza kipande kifupi ambacho hakina uzito tena. Sasa tatu ondoa kile kipande, na hapa angalia vizuri mwanzo wa tawi, kuna uvimbe unaozunguka na juu yake kuna mkunjo wa gome. Kata nje ya uvimbe, usiuguse, lakini pia usiache kisiki cha kutundikia kofia.

Kwanini uvimbe ni muhimu hivyo? Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alikuwa anapasua miti kwa urefu na chenso aone kuoza kunavyotembea ndani. Kazi yake na Harold Marx ya 1977 ilionyesha mti hauponi kama ngozi ya mtu, mbao iliyoumia haitengenezwi upya, mti unaizungushia kuta kuifungia isisambae alafu unaota mbao mpya nje yake. Ule uvimbe wa tawi ndo penye ukuta mzuri kuliko pote. Ukiukata umeubomoa, kuoza kunaingia kwenye shina.

Na kidonda usikipake kitu. Najua, kuna oili chafu ya gereji, kuna lami, kuna rangi iliyobaki ya geti. Rangi haizuii kuoza, inaficha tu na kushika unyevu, na oili chafu inaua lile gome hai la pembeni ambalo ndo lingefunga kidonda. Kitu pekee ninachokubali ni chokaa na maji, na sio kwenye kidonda, ni kwenye gome la matawi yaliyokuwa kivulini sasa yamepata jua kali ghafla, hasa mparachichi, gome lake linaungua na jua.

Hatua ya 5: sasa ndo chuma, kamba na nguzo

Umeshapunguza mzigo, misumari yako miwili inaonyesha ufa bado unacheza, basi saidia.

Kosa kubwa ni kuzungushia. Waya, mnyororo, kamba ya manila, ukifunga shina kwa kuzunguka litanenepa na kujinyonga lenyewe, gome linakatwa pande zote na kila kilicho juu ya hapo kinakufa. Hata waya wa kuanikia nguo unaua tawi kwa njia hii hii, kaangalie wako. Kama ni dharura ya wiki chache tumia mkanda mpana wa nailoni ule wa kufungia mizigo ya malori, weka vipande vya mbao kati ya mkanda na gome, alafu utoe, usisahau.

Cha kudumu kinapita katikati ya mbao. Chuma kilichopigwa uzi mwanzo mpaka mwisho, kilichopakwa zinki kisishike kutu, milimita 12 kwa mashina ya sm 20 hivi, 16 mpaka 20 kwa mashina manene. Toboa tundu lililozidi chuma kidogo tu, pitisha kutoka upande mmoja mpaka wa pili, weka washa pana na nati kila upande, kaza na spana mpaka ishike vizuri. Usitegemee nati kuufunga ufa wa shina nene, haziwezi, na ukilazimisha unaponda mbao. Kama unaweza kuusogeza ni kwa winchi au mkanda wa juu kwanza, taratibu, siku ambayo hakuna upepo. Chuma kimoja kikae juu kidogo ya panda, umbali kama unene wa shina lenyewe pale, na vingine vishuke kwenye ufa kila baada ya sm 30 au 40, visipangwe mstari mmoja, kimoja kulia kidogo kingine kushoto, kwa sababu matundu kwenye mstari mmoja yanaanzisha ufa mpya. Mti utakuja kuzimeza nati, acha uzimeze.

Chuma cha chini kinazuia ufa, hakizuii mashina kuvutana huko juu. Kwa hilo kuna waya wa chuma wa kusokotwa kati ya mashina mawili, unafungwa juu, theluthi mbili za safari kutoka kwenye panda kwenda kileleni, kwenye boliti za macho, zile zenye pete kichwani, zilizopita mbao. Hii kazi iko juu sana, inahitaji mtu anayepanda na kamba na mkanda wa usalama, mimi sikushauri ujaribu mwenyewe. Na penye mbao iliyooza usitoboe, chuma hakitashika na umefungua mlango wa kuoza.

Nguzo ni rahisi zaidi na kwa tawi la chini lililolala ni bora kuliko chuma. Mrunda wenye panda juu, au bomba la chuma lililochomelewa panda. Weka kipande cha tairi kuukuu pale gome linapokaa, chini weka jiwe bapa au ubao mgumu isizame mvua ikinyesha, isimame mbele ya katikati ya tawi. Iguse tu na kubeba, usiligongee mpaka linyanyuke utalivunja kwa nyuma. Mrunda unaliwa na mchwa, kila mwanzo wa mvua uupige teke uone kama bado upo.

Mashimo na gome

Shimo usilijaze zege. Mti unayumba zege haiyumbi, pembeni panasagika, maji yanaingia hayatoki na siku ukija kukata chenso inaharibika. Usitoboe tundu la kutoa maji pia, unatoboa ule ukuta ambao mti umejijengea. Toa takataka zilizolegea kwa mkono ukipenda, basi. Nyuki wakiwemo tafuta mfuga nyuki.

Gome lililochunwa na lori au trekta: kama ni la leo na bado bichi, lirudishe mahali pake, ligandamize kwa vimisumari vidogo, funika na gunia lenye unyevu alafu nailoni nyeusi, kivulini, wiki mbili hivi. Linaweza kushika. Likishakauka halirudi, kata tu kingo zilizolegea mpaka kwenye gome lililoshika, usiongeze ukubwa. Likiondoka chini ya robo ya mzunguko mti hauna wasiwasi, likizidi nusu utadhoofika, na likiondoka mzunguko mzima, mfano mbuzi wamekula mche wa mwembe, mizizi itakufa njaa hata kama majani bado ni mabichi. Hapo kuna ujanja wa kuokoa, unachukua vijiti vya mti ule ule vya unene wa penseli, unavichonga ncha zote mbili na kuvichomeka chini ya gome la juu na la chini ya kidonda, vinavuka juu yake, unafunga na nailoni. Angalia usivigeuze juu chini. Anayejua kubebesha miche anaweza hii bila shida.

Na msichome takataka chini ya mti jamani. Joto linaua gome bila kuacha alama, unakuja kushangaa miezi baadae upande mzima umebanduka.

Mizizi

Miti mingi ya mjini inaanguka kwa sababu ya ukuta. Fensi ikijengwa msingi unachimbwa mita moja kutoka kwenye shina, mizizi ya upande mzima inakatwa, mti unasimama vizuri mpaka mvua ziloweshe udongo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na Kilwa ardhi ilikuwa imeshashiba mvua za masika, na udongo uliolowa haushiki mizizi hata kama upepo sio wa kutisha.

Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wa Uingereza ni mara 12 ya upana wa shina. Mwembe wetu wa sm 70 unahitaji mita 8.4 kila upande bila kuchimbwa wala kumwagiwa kifusi. Kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini hilo haliwezekani, najua, basi angalau shimo la choo na msingi viende upande mmoja tu, na chimbeni kwa mkono mkikuta mzizi mnene mpitishe msingi juu yake. Mti uliokatwa mizizi upunguziwe na matawi ya nchani, umwagiliwe kiangazi, na utandaziwe majani makavu sm 5 mpaka 10 kwa mduara mpana, yasiguse shina.

Mti mdogo ulioangushwa, wa unene wa mkono hivi, inua ndani ya siku mbili tatu: chimba chini ya mizizi iliyonyanyuka ili ikae bila kukunjwa, inua, shindilia udongo kwa mguu, funga kamba tatu kwenye vigingi. Mkubwa usiuinue, mizizi iliyokatika hairudi kushika na utaanguka tena siku ambayo mnaamini umepona. Mwembe mkubwa uliolala na mizizi yake nusu bado iko ardhini unaweza kuuacha umelala hivyo hivyo, fupisha matawi, utazaa ukiwa chini na watoto watachuma bila kupanda.

Ukilazimika kukata

Ulizia serikali ya mtaa au halmashauri kwanza, sehemu nyingi wanataka kibali hata kwa mti wa uani kwako. Kata vipande vipande kutoka juu kama kuna nyumba karibu.

Alafu panda mwingine, na safari hii usiuache ukatoa panda. Mche ukifika urefu wa mtu chagua shina moja la katikati, lile linaloshindana nalo lifupishe nusu mapema, kidonda cha unene wa kidole kinafungwa upesi. Kigingi kikae upande unaotoka upepo, kamba iwe kipande cha tyubu ya baiskeli kilichopindwa namba nane kati ya mche na kigingi, ilegee kidogo. Mwaka ukiisha fungua na ung'oe kigingi, mche uyumbe wenyewe, kuyumba ndo kunakofanya shina linenepe.